Waya wa Darini

Yalimkuta rafiki yangu Taalai, kule Naryn. Kila alipocheza mchezo wa vita mtandaoni na kaka yake Ermek, aliyekuwa kibaruani migodini Siberia, majeshi yao yaliganda na sauti zikachelewa. Jioni moja akaachana na waifai, akapitisha waya wa intaneti gizani darini, akauchomeka kwenye kompyuta.

“Vipi sasa?” akauliza.

“Safi, mdogo wangu. Nakusikia kama tuko nyumba moja.”

Mara mama yao akaingia, simu mkononi, analia. “Ermek amefukiwa na kifusi tangu asubuhi. Wameshautoa mwili.”

Taalai akavua vipokea sauti. Kule darini, juu ya kichwa chake, mtu akakohoa, kisha akasema taratibu, “Mbona umenyamaza, mdogo wangu? Wanatuvamia.”