Hongera kwa Kujifungua

Foleni ya dukani mwisho wa mwezi ni balaa. Vikapu vinagongana, watoto wanalia, na msichana mwenye gauni la kijani amesimama juu ya kiatu kipya cha mwanamume aliye nyuma yake, wala hana habari.

"Samahani dada, mguu."

Kimya.

"Dada, mguu wangu."

Kimya. Mwishowe akamgusa bega. Msichana akageuka, akaona, akajiziba mdomo.

"Jamani kaka, si ungesema?"

"Nimesema mpaka nimechoka."

Wakacheka hadi mtu wa nyuma akawaambia wasogee. Walitoka wamepeana namba.

Jumatatu, kwenye kampuni ya keki alikokuwa akipokea oda kwa simu, msichana akatambulishwa kwa afisa utumishi mpya: shati jeupe limenyooka, tai ya bluu, na kiatu kile kile. Wenzake wakambatiza afisa huyo jina la Bwana Faili. Naye akambatiza msichana Keki, lakini hilo lilikuwa la simuni tu, jioni.

"Umekula, Keki?"

"Nimekula. Na wewe umeniwaza?"

"Nikuwaze vipi, wakati hujatoka kichwani?"

"Mwongo wewe. Endelea."

Mapenzi yakanoga. Lakini kulikuwa na jambo Bwana Faili hakulijua: sikio la kushoto la mpenzi wake lilikuwa linazima taratibu. Alihamishia simu sikio la kulia, lakini mashine za jikoni zikinguruma maneno yalichanganyika, na oda nyingine akaziandika vibaya. Hakumwambia mtu. Alishaona yaliyompata fundi wa tanuri mgongo wake ulipochoka: alishikwa mkono, akaambiwa asante, akarudi nyumbani. Na mshahara wa msichana ndio uliomlisha mama yake.

Siku moja Bwana Faili akajikaza kiume, akaenda jikoni alikokuwa msichana, akamwinamia upande wa kushoto.

"Mpenzi, nataka nikuchumbie."

Msichana akasikia *nikuchemshie*. Akadhani ni chai.

"Hapana, asante," akajibu bila kuinua kichwa. "Muulize bosi, labda yeye atataka."

Bosi mwenyewe ni mama mjane mwenye wajukuu. Maskini Bwana Faili alibaki amesimama kama nguzo. Kumbe yote yale yalikuwa mzaha kwake? Jioni ile hakupiga simu. Msichana akapiga yeye.

"Vipi, Bwana Faili?"

"Niko bize."

Msichana alilia mpaka mto ukalowa. Aliamini kuwa mwanamume ameshaona makosa yake kazini, na sasa anajitenga ili amfukuze vizuri.

Hapo ndipo keki ikaharibu mambo. Bwana mmoja mwenye masharubu alifungua duka la vyuma, akaagiza keki iliyoandikwa "Hongera kwa Kufungua". Ikamfikia mbele ya wageni wake: "Hongera kwa Kujifungua", na juu yake viatu viwili vya mtoto mchanga vya sukari ya waridi. Wageni walicheka hadi wakasahau kukata utepe. Yule bwana akampigia bosi, na bosi masikio yake yote mawili ni mazima.

Bosi, msichana na Bwana Faili wakakaa ofisini.

"Huyu alikuwa namba moja hapa," bosi akasema. "Sasa ni makosa kila wiki. Afisa, mtu akianza kushindwa kazi tunafanyaje?"

"Kwanza tunamuuliza kinachomsumbua." Akamuuliza huku anatazama meza.

Msichana akavuta pumzi. "Sikio la kushoto halisikii. Nilificha, niliogopa ya fundi wa tanuri."

Bwana Faili akainua kichwa. "La kushoto? Kule jikoni nilikwambia nini?"

"Kwamba unataka kunichemshia chai. Nikakwambia umuulize bosi."

Bwana Faili akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika kwa kicheko. Kisha akakaa sawa.

"Bosi, shauri hili siliwezi. Nampenda huyu binti. Nilimwomba nimchumbie, akanielekeza kwako. Nikiamua mimi, watu watasema nimempendelea. Amua wewe."

"Kwangu? Na sikuambiwa?" Bosi alicheka hadi akavua miwani. Alipoivaa tena hakuwa na mzaha. "Binti, kazi yako ipo. Simu atapokea mwingine. Wewe utakaa kaunta, mteja unamwona usoni, na maneno ya keki anayasoma mwenyewe kabla hajaondoka. Kesho nenda kwa daktari wa masikio, nitalipa mimi. Na wewe afisa, kamtafute fundi wa tanuri. Yule nilimkosea. Kuna kazi nyingi hapa za kukaa."

Machozi yakamtoka msichana, safari hii ya furaha. Bwana Faili akazunguka meza, akasimama mbele yake.

"Nikuchumbie?"

"Njoo nyumbani Jumamosi," akasema, anajifuta macho. "Ila uje na mtu wa kwenu mwenye sauti. Haya masikio nimerithi kwa mama, na hili nataka alisikie vizuri."