Jina la Wifi Kisimani

Eluned alikuwa amemenya nusu ya viazi vya chakula cha jioni wakati binti yake, Mabli, alipoingia na matope hadi magotini.

"Mama, wamekausha kisima cha nyuma ya kanisa. Kumejaa vigae vya mawe vyenye majina ya watu. Mzee Prosser anasema kesho asubuhi vitapangwa ukumbini, kijiji kizima kisome historia yake."

"Vua viatu," Eluned alisema. Kisu kilikuwa kimemkata kidole na hakuwa na habari.

Hakuna mtu wa Llanerchwen asiyekijua kisima kile. Ukimchukia mtu, unakwaruza jina lake kwenye kigae, unakitumbukiza, naye anapatwa na balaa. Kuitengua laana hiyo kuna njia moja: wewe mwenyewe ukitoe, umkabidhi mwenye jina, umwombe radhi uso kwa uso. Watu walicheka tu. Eluned naye alicheka, miaka tisa iliyopita, alipotumbukiza jina la wifi yake, Tegwen, kwa sababu kanisani walimchagua Tegwen kuimba peke yake.

Wiki ile ile Tegwen alikauka sauti. Mpaka leo anaongea kwa kunong'ona. Anaishi nao, chumba cha nyuma, na ndiye aliyewalea watoto wa Eluned.

"Nakwenda kufungia kuku," Eluned akasema.

Giza lilikuwa linaingia. Vigae vilikuwa vimepangwa ukingoni mwa kisima vikauke, vikinuka tope na maua yaliyooza. Alikipata upesi kigae chenye jina la Tegwen. Mwandiko ulikuwa wake.

Alipokigusa, mtu akaimba.

Chini... ndani ya kisima kikavu.

Sauti ya mwanamke, nyororo, wimbo wa mavuno. Aliijua sauti ile; miaka tisa hakuwa ameisikia. Akachungulia. Tope tupu. Wimbo ukapanda... ukapanda... ukafika mkononi mwake, na kigae kikapata joto kama mwili wa mtu.

Akakisukumiza mfukoni mwa koti, akakimbia.

Tegwen alimfungulia mlango. "Wifi, ulikuwa wapi?" alinong'ona. "Kuku nimeshawafungia mimi."

Eluned alifumbua mdomo. Ilikuwa ni kusema tu.

"Nilipata kizunguzungu," akasema, akatundika koti nyuma ya mlango.

"Umepauka. Kaa, nipakue."

"Niache."

Akapakua supu ya kondoo. Gethin mumewe, Mabli, Cadi mdogo, Tegwen. Wote wapo.

"Viazi hivi vingine vina maganda," Gethin alisema. "Leo tunalishwa kama nguruwe?"

Watoto wakacheka. Katikati ya kicheko, kutoka nyuma ya mlango, wimbo ukaanza.

Gethin aliendelea kutafuna. Watoto hawakuinua vichwa.

Kijiko cha Tegwen kilisimama hewani. Akageuza shingo, polepole, kuelekea koti. Midomo yake ilianza kuufuata ubeti, bila sauti. Kisha akamgeukia Eluned, akamtazama.

"Kula, wifi," Eluned alisema, macho kwenye bakuli. "Supu inapoa."