Mteja wa Majaribio

Oda ya kwanza iliingia kabla duka halijafunguliwa.

Ilikuwa saa sita mchana, kijijini Susuni. Heche alikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba yake, akimalizia duka la mtandaoni alilowajengea akina mama wa Ikoma wanaouza asali na shanga kwa wageni wa mbugani. Hakuna aliyekuwa amepewa anwani ya duka hilo. Hata hivyo kompyuta ililia, na maandishi yakatokea: asali, chupa moja. Mteja: Boke.

"Baba Boke, umeuza?" Veronika, mkewe, alimtania kutoka jikoni. "Basi leo tunakula nyama!"

"Ni majaribio tu," alijibu, akilisoma jina hilo tena.

Boke alikuwa mzaliwa wao wa kwanza. Homa ilimchukua akiwa na miaka sita, akiomba uji wenye asali siku ambayo asali haikuwapo nyumbani. Alizikwa kando ya mihogo, na Veronika akampangia mawe kwa mikono yake mwenyewe. Kila jioni aliyapangusa kama apangusaye uso wa mtoto. Na watu wote waliendelea kumwita Heche kwa jina la marehemu, maana mzaliwa wa kwanza haachi kuwa wa kwanza kwa sababu amekufa.

Sasa sikieni kosa lake, wala msiwe wepesi wa kumhukumu. Ajengaye duka la namna hii humtunga mteja wa uongo, akamjazia fomu, ili aone kama hifadhidata inamtunza vema. Wenzake huandika majina ya mzaha. Heche aliandika Boke. Akaweka picha yake, siku aliyozaliwa, na jina la mama yake. Fomu ilipouliza kama mteja anakubali kufikiwa nyumbani, akaweka alama ya ndiyo kwa niaba ya maiti. Mwisho akaweka kanuni ya kawaida ya kazi yake: mteja akifutwa, vyote vilivyofungwa kwake vifutwe pamoja naye. Alitamani tu kwamba kila asubuhi skrini imwambie, "Karibu tena, Boke." Ilikuwa huzuni, haikuwa uovu. Lakini mfalme yule wa kale katika Maandiko, aliyemwendea mwanamke mwenye pepo ili amwitie wafu, naye alikuwa na sababu zake, na mlango haumuulizi aliyeufungua alikuwa na nia gani.

Kesho yake iliingia oda ya shanga za mtoto. Nyumba ikanuka uji ulioungua, na jiko lilikuwa limezimwa. Ikanuka udongo mbichi, na mvua ilikuwa haijanyesha. Kisha, jua likiwa utosini, ndara ndogo zikasikika barazani, zikienda na kurudi, zikienda na kurudi, na Heche alipochungulia hakumwona mtu ila Happy, binti yao wa miaka minne aliyezaliwa baada ya msiba, amechuchumaa akinong'ona na ukuta.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na dada. Anasema yeye si dada, ila nimwite hivyo."

Kompyuta ililia nyuma yake. Mteja alikuwa Boke. Na mahali pa jina la bidhaa, mahali ambapo Heche hakuwa ameweka chochote ila asali na shanga, palisomeka Happy.

Alikwenda mbio kumwita Mama Tabitha, mama wa maombi aliyejulikana kwa kukemea pepo. Mama huyo alifika, akasimama kizingitini, akakataa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mitambo yenu siijui, Heche, lakini mlango ulio wazi naujua. Humu umemkaribisha nani?"

Akamweleza yote kwa sauti ya chini.

"Mkeo anajua?"

"Hapana."

"Mtoto wako amelala kwa Bwana. Huyu ni jini. Alikuwa akizunguka mahali pakavu akitafuta pa kupumzika, wewe ukamvika jina."

"Basi namfuta sasa hivi."

"Ngoja! Umemfunga na nini humo ndani? Mwambie mkeo kwanza, mlie pamoja, kisha fungua fundo moja moja. Mwenye pupa akiyang'oa magugu hung'oa na ngano."

"Atanichukia, mama."

"Atakuchukia leo. Ataliaje na wewe juu ya jambo asilolijua?"

Mama Tabitha alizunguka kwenda jikoni kumwita Veronika, na hapo Heche akasikia kicheko cha Happy kikihama, kikitoka barazani, kikipita pembeni mwa nyumba, na kupitia dirishani akamwona mtoto anaelekea kwenye mihogo akiwa amenyoosha mkono juu, juu kabisa, kama ashikwaye na mtu mrefu kupita mlango, na nyayo zake hazikuwa zikigusa majani. Akairukia kompyuta, akaamuru Boke afutwe. Skrini ilimwuliza: je, una hakika? Akabonyeza.

Ukatoka ukelele usio wa mtoto. Harufu ikakatika. Happy akaanguka chini, akalia kilio chake halisi, na Heche akambeba akimshukuru Mungu kwa sauti.

Mama Tabitha alitokea mbio. "Ulikuwa umefungua mafundo?" aliuliza, na macho yake yakajaa machozi.

Asubuhi aliamshwa na wimbo. Veronika alikuwa akiimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Heche alitoka nje kwa furaha, akamkuta kando ya mihogo na jembe mkononi, uso wake laini kama wa msichana. Mama aliyekataa kufarijiwa alikuwa amefarijika, lakini si kwa mkono wa Mungu.

"Baba Happy," alimwita akicheka, "mawe haya nani aliyarundika hapa? Hebu nisaidie tuyatoe, nipande mchicha."

Heche akaikumbuka kanuni yake, na jina la mama aliloliandika kwenye fomu. Aliinama. Akanyanyua la kwanza.