Ukoo wa Bihogo

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, Kokushubila hupita kwanza zizini kumsalimu Bihogo. Mumewe, Rutaihwa, humtania kwamba katika nyumba hii ng'ombe husalimiwa kabla ya mume. Ni kweli, na mwenyewe wala hakatai.

Bihogo ni ng'ombe wa asili, Ankole halisi, mwekundu wa kukolea, na pembe zake ni ndefu. Bibi yake Bihogo alikuwa zawadi ya mama yake Kokushubila, siku Kokushubila alipoolewa hapa Kagondo, Bukoba. Mama huyo ni marehemu sasa. Miaka yote hiyo samadi ya ng'ombe hao imelisha kibanja, migomba na mibuni pamoja. Kwa hiyo Kokushubila akila ndizi zake, humkumbuka mama.

Lakini Bihogo amezeeka, na hana binti wa kushika nafasi yake. Binti wa kwanza alinenepa vizuri, akafika miaka minne bila hata siku moja kutafuta dume. Wakampeleka machinjioni. Wa pili, Kagaju, naye sasa ana miaka minne na ni yaleyale. Jirani mmoja aliwashauri wamnyweshe majani machungu. Walimnywesha wiki mbili, na walichopata ni kumharisha tu maskini.

Rutaihwa akasema basi, naye aende buchani. Kokushubila aliingia kati ya migomba akalia, maana aliona zawadi ya mama yake inaishia mikononi mwake.

Kesho yake alisikia kwamba Nuriat, afisa mifugo, anachanja ng'ombe kule Kahororo. Alimfuata kwa miguu akamleta nyumbani.

Nuriat ni binti wa mjini, mpole, lakini kazini hana mchezo. Aliuliza Kagaju anakula nini, na kama analamba chumvi ya madini. Aliuliza pia kama alizaliwa pacha na dume, maana jike wa namna hiyo mara nyingi huwa tasa. Akachukua damu ikapimwe magonjwa. Alisema ugumba una sababu nyingi, na si vizuri kukisia.

Wiki iliyofuata alirudi. Damu ilikuwa safi. Akavaa glavu ndefu mpaka begani, akampima Kagaju kwa ndani, taratibu. Vifuko vya mayai vilikuwa vidogo mno, havikuwahi kukua. Kisha akaomba kumwona dume. Rutaihwa akamleta Rugaju kwa mbwembwe zote. Nuriat akainama, akakuta korodani moja ni nzima na ya pili ni ndogo kama ndimu. Rutaihwa alikuwa anajua siku zote. Alidhani ni maumbile tu.

"Mzee, baba yake Kagaju ni nani?" Nuriat aliuliza.

Rutaihwa akajibu kwa fahari kwamba ni huyuhuyu Rugaju. Na mama yake Rugaju ni Bihogo. Na baba yake Rugaju alizaliwa na mama yake Bihogo. Dume la nje halijawahi kukanyaga zizi lake, lisije likaichafua mbegu.

Nuriat akamuuliza Rutaihwa binti yake wa kuzaa ameolewa wapi. Rutaihwa akautaja ukoo, tena na vizazi vyake saba.

"Kwa nini hukumwoza kwa mtoto wa kaka yako?"

Mzee nusura aanguke kwenye kigoda. "Waitu, unasema nini? Hao ni ndugu. Wana muziro mmoja, mwiko mmoja wa ukoo."

"Na Rugaju na Bihogo wana muziro gani?"

Kokushubila ndiye aliyeanza kucheka. Mumewe akajitetea kwamba ng'ombe hawana muziro.

"Muziro hawana, mzee. Damu wanayo."

Hapo Nuriat akaeleza polepole. Kila ndama hurithi maelekezo mawili ya kuumba mwili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Maelekezo hayo huitwa vinasaba. Kama moja lina kasoro, lile zima hufanya kazi, na ng'ombe anazaa kama kawaida. Bila shaka Bihogo yuko hivyo. Anabeba kasoro na haonekani. Lakini akipandwa na ndugu yake anayebeba kasoro ileile, ndama anaweza kupata zote mbili. Huyo viungo vyake vya uzazi havikui sawasawa, kama vya Kagaju na korodani ile ya Rugaju, na hakuna dawa ya kuvikuza.

"Kwa hiyo ukoo umekwisha?" Kokushubila aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haujaisha, mama. Bihogo bado anaingia joto. Mtafutieni mume wa mbali."

Rugaju akahasiwa. Rutaihwa hakula chakula cha mchana siku ile. Kagaju alibaki, maana Kokushubila alisema samadi haihitaji uzazi. Bihogo akapakiwa kwenye pikapu mpaka Ngenge, Muleba, kwa mzee Mutembei, mwenye dume la Ankole lisilo na undugu naye. Akarudi na mimba, akazaa jike. Wakamwita Mgeni. Rutaihwa akanunua daftari, akaandika baba na mama. Nuriat aliwaonya kwamba Mgeni naye huenda amebeba kasoro kimyakimya, kwa hiyo asipandwe na ndugu kamwe.

Alipotimiza miaka miwili na nusu, Mgeni aliingia joto. Kokushubila alipiga vigelegele pale zizini. Jirani yao Kahangwa akaja kwa wema, kutoa dume lake. Rutaihwa akamkaribisha kiti, akafungua daftari, akamhoji kama baba anayepokea posa. Mama wa dume ni nani? Na baba? Kahangwa akakumbuka kwamba baba wa dume ni Rugaju.

"Waitu, hao ni ndugu," Rutaihwa akasema, na akafunga daftari.

Walimpata dume mwingine huko Muleba, wa damu ya mbali. Baada ya miezi tisa, alfajiri, Kokushubila aliamka kwenda zizini kama kawaida yake. Akamkuta mumewe ameshafika, amepiga magoti kwenye nyasi, anamfuta ndama jike na gunia. Kokushubila akasimama mlangoni, machozi yakimtoka. Rutaihwa hata hakugeuka. Siku hiyo ndama alisalimiwa kabla ya mke.