Mwanamke Anayepunga Mkono

Mlango wa jumba la makumbusho ya wanamaji ulikuwa umefurika wanafunzi waliokuja kuona mizinga. Mshonaji alikuwa akipenya katikati yao, gauni la bluu limelala mikononi mwake kama amebeba mtu aliyezimia. Ngazi ikamziba njia.

"Wewe wa juu, nipite wapi, hewani?" aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

Fundi umeme akainama. Ovaroli yake ilikuwa imepauka magotini, lakini tabasamu lilikuwa jipya kabisa. "Ukimeza hizo pini, dada, nitalaumiwa mimi."

"Nimezoea. Wateja wangu wana maneno makali kuliko pini."

Akashuka, akampokea gauni, na hakumrudishia mpaka alipopewa namba ya simu. Kufika mwisho wa wiki, yeye alikuwa Sindano, na fundi alikuwa Bwana Taa.

Kazi ya mshonaji pale ilikuwa kuzivika sanamu nguo mpya. Alianza na mke wa baharia, aliyesimama kwenye gati ya mbao ndani ya ukumbi usio na dirisha, mkono wa kulia juu, akipunga. Huwezi kujua anaaga au anaita. Kila honi ya meli ilipolia kwenye spika, taa zilizimika, kisha zikarudi taratibu. Mshonaji hakuupenda ukumbi ule. Ili asiogope, alimsemesha yule mwanamke.

"Jana kanipigia tena, shoga yangu," alinong'ona huku akikunja pindo. "Hakuwa na la kusema, tukabaki kusikilizana tunavyopumua. Halafu mikono yake ina joto, we acha tu."

Macho ya kioo yalimtazama. Kiganja cha kushoto kilikuwa kimechubuka rangi, kimelainika kama kitasa cha mlango unaoshikwa kila siku.

Muuza tiketi ndiye aliyemfumbua macho, walipokuwa wakinywa chai. "Mchongaji alichukua sura za wafanyakazi. Yule wa kwenye gati ni marehemu mke wa fundi umeme. Alikuwa akikalia kiti hiki changu. Kumbe hukuambiwa?"

Chai ikampalia. Siri zote zile alikuwa akimsimulia nani? Akakikumbuka kile kiganja, akajua nani aliyekichubua.

Jioni simu ililia, akaiacha. Kesho yake akapokea.

"Sindano, nimekosa nini?"

"Una mke."

"Nilikuwa naye. Tulimzika."

"Na bado unamshika mkono. Wenzangu wanagombana na wake wenza wenye damu, mimi wangu wa plasta. Nitamshindaje mtu asiyezeeka?"

"Nilitaka kukwambia. Kila nikifungua mdomo naona utakimbia."

"Basi uliona sawasawa," alisema, akakata simu, akalia hadi mto ukalowa.

Lakini pindo lilikuwa halijaisha, na hakuwa amewahi kumwacha mtu nusu amevaa. Akarudi asubuhi moja kabla wageni hawajaingia. Fundi umeme alikuwa ng'ambo ya ukumbi, kwenye swichi, akijaribu taa. Alikuwa amekonda. Wakasalimiana kama watu waliokutana msibani.

"Nitamwomba mchongaji ambadilishe sura," fundi alisema.

"Usithubutu. Kakosa nini?" Mshonaji alipiga magoti, akatunga uzi. "Nilimweleza mambo yako yote bila kujua. Nimekuja kumtaka radhi."

"Mambo gani?"

"Ya wanawake. Wewe jaribu taa zako."

Honi ikalia. Taa zikazimika. Gizani sauti ya fundi ikaja, utani wote umeitoka.

"Kwenye mwanga siwezi. Nataka nikuoe, Sindano. Nalisema mbele yake, ili nisimfiche yeye wala wewe."

Mshonaji akasimama. Hakuona hata vidole vyake mwenyewe. Mkono ukaushika wa kwake, laini, wa baridi, ukaubana mara moja kama mtu anayekabidhi kitu.

"Mbona umepoa hivi?" alinong'ona. Hakujibiwa. Mkono ukamwachia.

Taa zikarudi taratibu. Fundi umeme alikuwa palepale, ng'ambo, kidole kwenye swichi. Mke wa baharia alikuwa akipunga, kama kawaida.

Vinyweleo vilimsimama mshonaji hadi shingoni. Hakupiga kelele. Aliutazama uso ule wa plasta, kisha akamtazama mwanamume aliyekuwa akingoja jibu.

"Tumekubali," alisema.