Kilo Nne za Héritière

Kila asubuhi Héritière alifagia vumbi jeusi la volkano mlangoni, akachota maji, akaenda shule. Tantine Donatille, mdogo wa mama yake, alikuwa ameshaondoka kwenda kuuza vitenge soko la Virunga. Jioni msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikula peke yake, akisikiliza majirani wakicheka nyuma ya ukuta wa mbao. Tantine hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Alirudi akauliza habari za masomo, akasinzia kabla ya kupata jibu.

Mama yake, Angèle, alikuwa muuguzi katika kituo cha afya kwenye milima ya Masisi. Vita vilifunga barabara, na kwa miezi saba hawakuonana. Hata simu ilishika kwa bahati tu. Kisha shirika lililomwajiri mama likaruhusu watoto wa wauguzi wapande helikopta yake wakati wa likizo. Tantine akampa Héritière ruhusa ya kwenda kujiandikisha.

Ofisini, karani Prodige alipitisha kidole kwenye orodha. "Helikopta inajaa. Inabaki tu kilo makumi ine, mutu na muzigo wake. Wewe uko na kilo ngapi?"

Héritière alijua vizuri. Alikuwa amepimwa shuleni juzi: kilo thelathini na nane. Mfuko wa kumpelekea mama, wenye dagaa wakavu waitwao sambaza, sabuni na sweta, ulikuwa kilo sita. Jumla arobaini na nne: kilo nne zilizidi zile arobaini. Hakukuwa na mtu pembeni yake ambaye angeweza kumuuliza kwa kunong'ona afanye nini.

"Makumi tatu na ine, na mufuko kilo sita," akasema.

"Bon," Prodige akaandika bila kuinua macho.

Zilibaki siku tisa kabla ya safari, na Héritière akaamua kuugeuza uongo wake kuwa kweli. Bugali na sombe, yaani majani ya muhogo, aliyoachiwa jioni aliwapa kuku wa jirani, ambao hawakuuliza maswali. Kisha aliosha sahani. Tantine aliona sahani safi akaridhika. Darasani herufi zilianza kucheza ubaoni. Njaa ilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyegundua.

Siku ya safari, kila abiria alipanda kwenye mizani na mzigo wake. Héritière alipopanda, mizani ilisoma arobaini na mbili.

"Eh, mutoto! Uliniambia yote ni makumi ine," Prodige alisema.

Kabla hajajibu, alianguka. Rubani, Kamate, mwanaume mpana wa Butembo, alimwinua akamketisha kivulini.

"Ulikula lini?"

"Jana... hapana. Juzi, papa."

"Juu ya nini haukukula?"

Machozi yakamtoka, akasema yote. Kamate alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Leo hautapanda. Ukizidiwa kule juu, sina mahali pa kutua. Pole, mutoto wangu."

Helikopta ikaondoka bila yeye, ikapita juu ya mtaa wa Mugunga, mlio wake ukafifia hadi ukaisha. Héritière alihisi kwamba dunia nzima imekwenda kwa mama yake, ikamwacha yeye tu.

Prodige alimpigia Tantine simu, naye akafika mbio, kitenge kikimfunguka. Kamate aliporudi mchana aliwakuta kivulini, Héritière akinywa chai kwa mkate. Akaketi nao.

"Wakati nilikuwa najifunza kurusha, helikopta yetu ilikuwa na viti mbili tu, cha mwalimu na cha mwanafunzi. Kila kiti kilikuwa na kipimo chake. Mimi nilizidi kilo saba, nikaandika bongo, uongo mutupu, kwenye karatasi, nikakaa siku mbili bila kula. Mwalimu akanipandisha kwenye mizani mbele ya wenzangu. Siku ile sikuruka. Akaniambia hata yeye anapimwa, na hana haya, kwa sababu hesabu ya bongo inaweza kutuua sisi wawili."

"Na kilo zangu nne, papa?"

"Ningeshusha karto moja ya mizigo. Hiyo tu! Ungeniuliza."

"Sikukuwa na mutu wa kuuliza," Héritière akasema.

Tantine akafunika mdomo kwa kitenge. Kuanzia siku hiyo alifunga meza yake ya sokoni mapema, wakala sahani moja, na kama alisinzia, alisinzia baada ya kusikia jibu.

Wiki iliyofuata Prodige aliuliza tena. "Makumi tatu na saba, na mufuko kilo sita," Héritière akajibu kwa sauti. Mizani ikakubali. Karto moja ikashushwa, naye akapanda.

Mama Angèle alikuwa akingoja kwenye nyasi, koti lake jeupe likipeperushwa na upepo wa helikopta. Alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu, kisha akampapasa mashavu na mabega, kama muuguzi apimavyo mgonjwa.

"Papa Kamate aliniambia yote," alisema. "Sikia, Héritière. Mwili wako si wa kulipia bongo. Ukisema bongo, rudi ukaseme kweli. Utaona haya kidogo, itapita. Njaa yenyewe haisahihishi kitu. Na kama hakuna mutu anakusikia, ongeza sauti mpaka mumoja ageuke."

"Ndiyo, mama."

"Sasa kuja tukule."