Mwanamke wa Kilemba Kwenye Vikombe

Saa kumi na mbili jioni nilitoka mbio nimpate Reuben kabla afunge, Reuben fundi wa saa hapa Machakos mjini, mtoto nimembeba kifuani, siku yake ya tisa hiyo. Kwa mfuko niko na vikombe vitatu vidogo kama kifuniko cha thamosi. Mama mzungu niliyekuwa nikimfulia alinipa akihama. Nilivisugua na majivu vikang'aa, na kimoja nikamnyweshea mtoto maji ya sukari.

Tangu hapo hajalia. Siku mbili. Ziwa hataki. Kliniki walimpima wakasema yuko sawa, nami nikawaza, labda ni hicho chuma, labda kiko na sumu.

Reuben akabana lenzi jichoni, akafungua kitabu chake cha alama zinazogongwa kwenye fedha na dhahabu.

"Ni fedha, mama, tulia. Fedha ya Urusi. Hii themanini na nne ni kiwango chake cha usafi. Herufi ni za aliyeipima. Na huyu mwanamke wa kilemba ni muhuri wa serikali yao. Akitazama kushoto, kikombe ni cha kabla ya 1908. Akitazama upande wa kulia, ni cha baadaye."

"Na hivi?"

"Wote kushoto. Ni wakongwe kuliko nyanya yako."

Akacheka. Mimi nilikuwa nasikia harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Hakukuwa na mshumaa.

Nikazunguka meza nikae kwa stuli, upande ule mwingine.

Reuben akainua tena kikombe cha kwanza. Akakiweka. Cha pili... cha tatu.

"Kasiva," akanong'ona. "Umebadilisha hivi vikombe?"

"Sijavigusa."

"Wamegeuka. Wanatazama huko uliko."

Akanipa lenzi. Niliona. Uso mdogo kama punje ya wimbi, kilemba, pua, umeelekea kwa mtoto wangu.

"Anaitwa nani huyu mtoto?" Reuben akauliza.

"Bado. Namngoja mama mkwe kutoka Masii, mguu unamsumbua."

"Siku tisa? Na wewe ni Mkamba?" Sauti yake ilikauka. "Jina ni siku ya tatu. Kabla ya hapo ni wa aimu, wale waliokufa, yeyote anaweza kusema ni wake. Halafu unamnywesha kwa kikombe cha mtu usiyemjua."

Nilimaliza Form Four. Mambo ya aimu sikuyaamini, nilisema jina linaweza kungoja.

Mtoto akafungua macho. Hakunitazama mimi. Akaanza kunyonya, mdomo mtupu, na ile sauti ya kumeza...

Ilitoka kwa kikombe.

"Mwite," Reuben akasema. "Mwite sasa."

Nikainama sikioni mwa mtoto, nikataja jina la mama mkwe.

"Wayua."

"Naam," akaitika mwanamke. Polepole. Kutoka mezani.

Ndipo mtoto akalia.

Siku hizi ananyonya vizuri, hata baba yake amefurahi. Vikombe viko kwa Reuben. Anasema pale palipokuwa na uso pamekuwa laini, zimebaki namba na herufi tu.

Mama mkwe anafika kesho, anataka kumpa mjukuu jina lake mbele ya watu. Nimempigia simu nikamwomba achague lingine, nikamwambia hilo limeshachukuliwa.

"Limechukuliwa na nani?" akauliza.

Nilimtazama mtoto akinyonya, mama mkwe akiita alo, alo, mpaka simu ikakatika.